Tulimleta Nyongesa Atuchekeshe

Jumatatu, 4 Julai 1955

Baridi ya leo si ya binadamu. Maji ya ndoo yalikuwa na ngozi ya barafu. Mke wangu Awuor akaivunja kwa mwiko huku akiwalaumu wazee wangu walionileta Elburgon — kana kwamba ni wao! Ni njaa iliyonileta.

Bwana Mbao aliniita kabla sijakaa. Sote hapa kiwanda cha mbao humwita hivyo, jina lake la kweli linawashinda hata watu wa posta. Holi ya wafanyakazi imekwisha kuezekwa. Itafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. D.O., bwana wa serikali, atakuja, na wazungu wa mashamba ya huku. Sasa anataka mtu wa kusema. Si padre, si chifu. "Padre nalaza watu," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka mtu ya kuchekesha. Watu cheka, watu pata nguvu, watu fanya kazi."

Mimi ndiye karani wa welfare, wa kuangalia hali ya wafanyakazi, kwa hiyo kumtafuta ni juu yangu. Nafurahi! Tangu nipewe cheo hiki sijafanya welfare yoyote ila kugawa blanketi na kuandika majina ya wagonjwa.

Na watu wanahitaji kucheka, hilo ni kweli. Tangu malori ya serikali yalipowabeba Wakikuyu mwaka juzi kwa ajili ya Mau Mau, kazi ya watatu inafanywa na mmoja. Nusu ya laini, safu za nyumba zetu wafanyakazi, ni nyumba tupu, milango inapigwapigwa na upepo. Jioni hakuna anayeota moto nje. Kila mtu na komeo lake.

Jumatano, 6 Julai

Nimeuliza stesheni, dukani kwa Mhindi, kwa madereva wa malori ya viazi kutoka Molo. Wote jina moja: Nyongesa wa Nakuru. Mbukusu. Alikuwa askari vitani kule Burma, kisha reli, sasa kazi yake ni mdomo tu. Arusi, vilabu vya mpira, sikukuu za mashamba. Dereva mmoja alimsikia Mau Narok wakati wa mavuno ya ngano. Anasema watu walicheka mpaka wakalala chini, na kesho yake wakaamka mapema kuliko nyapara.

Mchana nilikula na Kipketer. Ndiye anayeendesha msumeno mkubwa, na nyumba yake iko ukuta mmoja na yangu. Mrefu ajabu. Kila mlango wa Elburgon umekwisha mgonga kipaji cha uso. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashini huisalimia: "Chamgei!" — kama mtu anayemsalimia mkwe. Nikamwambia habari ya Nyongesa. Akafurahi. "Mlete. Tumezoea kusikia Kosgei tu." Kosgei ni nyapara wetu, na hana neno lisilo la matusi.

Kisha akashusha sauti. Ile kinga ya chuma inayofunika meno ya msumeno — iliondolewa mwezi wa tano, tulipopata oda ya mataruma, zile mbao nene za kulalia reli, kwa kuwa inachelewesha magogo makubwa. Oda inakwisha lini? Yeye amechoka kukata huku amebana pumzi. Je, mimi karani siwezi kumsemea kwa Bwana?

Nikamwambia sherehe ipite kwanza. Siku hizi Bwana ana mambo mengi kichwani.

"Sawa," akasema. Akarudi kazini.

Jumamosi, 9 Julai

Nakuru. Treni ya asubuhi, daraja la tatu, kuku wa mtu juu ya kiatu changu njia nzima. Vumbi la ziwani liko machoni hata sasa.

Nimemsikia! Alikuwa anasema mbele ya klabu ya mpira iliyofungwa mechi zote za mwaka. Mtu mfupi, koti la jeshi lililomzidi, sauti nyembamba. Nikawaza: huyu? Nimepoteza nauli. Akapanda juu ya boksi, akatutazama tu. Akamtazama golikipa. Akatazama mikono ya golikipa. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo!

Halafu akaeleza habari ya mtu aliyenunua baiskeli mpya hapa Nakuru akaisukuma kwa miguu mpaka Njoro, jasho likimtiririka. Akiulizwa mbona huipandi, anajibu: ni mpya, sitaki kuichosha. Watu wote chali. Nyongesa akangoja tunyamaze. Akasema polepole: "Na nyinyi nguvu mliyopewa na Mungu mnaisukuma tu. Mnaogopa kuichosha. Ipandeni!" Wallahi nilisimama. Golikipa alikuwa analia na kucheka pamoja.

Baadaye tuliketi hotelini, chai na maandazi. Nje ya boksi ni mtu mwingine kabisa. Hakucheka hata mara moja. Anakohoa. Anakunywa chai kama mtu anayekunywa dawa. Bei tumekubaliana bila maneno mengi. Kilichomchukua muda ni maswali. Kwenu nani bahili? Nani anaogopwa? Nani anapendwa na watu wote? Nani ana vituko? Nikashangaa, yote haya ya nini?

"Bwana karani, kicheko hakitoki kwangu. Kiko kwao. Mimi nakuja kukichukua tu."

Basi nikampa. Nikampa Kosgei na matusi yake. Nikampa mpishi wa Bwana anayevaa tai huku miguu mitupu. Na Kipketer — Kipketer nilimpa kwa mapenzi, sikuacha kitu. Urefu wake, milango, nyimbo za kanisa anazouimbia msumeno, ile "Chamgei" ya kila asubuhi. Nyongesa alifumba macho akisikiliza, midomo ikichezacheza. "Huyu mrefu," akasema, "huyu ndiye."

Jumapili, 10 Julai

Kanisani. Baada ya ibada nilimwambia Kipketer kwamba atatajwa mbele ya D.O. Akashika kichwa. "Asiseme nimegonga mlango wa kanisa!" — na hapo hapo, akitoka, akaugonga. Chepkemei mke wake alicheka mpaka mtoto wao Cherono akashtuka mgongoni. Binti yetu Akoth naye akaanza kujigongesha ukutani kwa kumwiga.

Siku njema. Jua kidogo.

Jumanne, 12 Julai

Kipketer amekufa.

Jumatano, 13 Julai

Jana sikuweza.

Ilikuwa asubuhi, ukungu bado haujainuka. Nilikuwa ofisini nikiandika kadi za wageni. Sauti ya mashini ikabadilika. Ukikaa hapa unaijua sauti ile hata usingizini, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha simama kabla ya kelele za watu. Kati ya tuliokuwa nje ya banda la mashini, mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Gogo lilikuwa limeruka, yeye akateleza kwenye unga wa mbao uliolowa. Mkono wa kulia. Wote, mpaka juu.

Tulimfunga kwa mshipi wangu na wa Kosgei. Tukampakia kwenye lori la magogo kwenda hospitali Nakuru, mimi nikapanda naye nyuma. Barabara ilikuwa matope matupu. Alikuwa akiniuliza neno moja tu: "Joash, mashini imezimwa?" Nikasema imezimwa. Tukikwama, wenzetu wakisukuma, tukienda tena. "Imezimwa?" Imezimwa, ndugu yangu. Kichwa chake kilikuwa magotini kwangu, pumzi yake usoni mwangu. Harufu ya chai. Chai ya maziwa ya nyumbani kwake, basi.

Kabla ya Njoro hakuuliza tena.

Nimeufua mshipi. Awuor anasema niutupe. Sina mwingine.

Alhamisi, 14 Julai

Tumemzika nyuma ya uwanja wa magogo, mahali pa wale wanaozikwa mbali na kwao. Ndugu zake wamefika kutoka upande wa Londiani, wazee wawili. Chepkemei hakulia mbele ya watu. Alikuwa amemshika Cherono kwa nguvu hata mtoto akalalamika.

Baada ya kaburi watu wa benchi kubwa, wenzake wa meza ya msumeno, hawakurudi kazini. Hawakupiga kelele, hapana. Waliketi tu juu ya magogo kofia mkononi. Kosgei akawatukana, wakamtazama. Mmoja akasema kwa upole: kinga irudishwe, nasi tutarudi.

Nikaenda kwa Bwana. Nikasema: sherehe, Bwana, afadhali tuiahirishe. Alikuwa dirishani, mgongo kwangu. Akajibu kwa Kizungu, maana yake hii: sherehe iko pale pale. Sasa ndipo wanamhitaji yule mcheshi wako kuliko siku zote. Akasema na jambo jingine. Siku hizi za Emajensi, watu wanaoketi bila kazi karibu na msitu wana jina lao, na D.O. analijua.

Nimewapelekea wale wa magogo maneno hayo. Nililiambia kila benchi la kazi. Wawili walivaa kofia.

Ijumaa, 15 Julai

Nyongesa amekuja na treni ya mchana. Sanduku la bati, koti lile lile. Njiani kutoka stesheni akauliza: "Na yule mrefu wangu yuko? Nimemtengenezea kitu kizuri sana." Nikamwambia. Akasimama katikati ya barabara. Akalitua sanduku.

"Basi nitamtoa," akasema. "Nitabaki na nyapara na mpishi."

Niliona vema. Nilimshukuru. Laiti tungalikwenda nyumbani moja kwa moja! Lakini Bwana alikuwa ameagiza tupite ofisini kwanza.

Bwana hakumpa mgeni kiti. Akasema: "Ile mtu nakufa, ile Kipketer. Yeye nakunywa. Pombe. Wewe naona? Kesho wewe sema habari yake. Fanya watu cheka. Watu ona ni makosa yake, si makosa ya mashini. Halafu watu rudi kazi."

Nyongesa hakumjibu yeye. Aligeuka kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Bwana karani, ni kweli alikuwa amelewa?"

Bwana alikuwa ananitazama. Kosgei alikuwa mlangoni. Nje watu walikuwa bado juu ya magogo. Nikawaza nyumba, Akoth, kazi, kipande changu cha kazi kikipigwa muhuri mbaya nirudi kwetu mikono mitupu.

Nikasema, "Bwana amesema."

Hilo tu. Sikusema ndiyo. Nimekuwa nikijirudia hivyo tangu jioni — sikusema ndiyo.

Nyongesa akanitazama kidogo. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo cha nguo. Amelala kwenye stoo ya holi. Tumesikia akikohoa, na akisemasema peke yake, akirudia, akibadilisha neno, akirudia.

Awuor ameuliza ana nini mgeni. Nikasema anajifunza.

Jumamosi, 16 Julai

Niandike yote, la sivyo kesho nitayapunguza.

Holi ilijaa. Harufu ya mbao mpya na makoti yaliyolowa. Wazungu mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye mabenchi, watu wa msumeno mkubwa ukutani, wamesimama, mikono kifuani. D.O. akakata utepe. Bwana akasema kidogo. Kisha Nyongesa akapanda boksi.

Alianza na baiskeli. Watu hawakucheka. Akaja na mpishi na tai yake — mpishi mwenyewe akacheka, na wawili watatu. Akaja na Kosgei: nyapara aliyeamka siku moja amepoteza matusi yote, akaanza kuwaambia watu "tafadhali," nao wakakimbia msituni wakidhani vita vimeanza. Hapo holi ikaachia. Niliona mabega yakishuka. Hata ukutani.

Halafu akanyamaza. Akainua macho juu polepole, juu, juu, kama anayemtazama mtu aliyesimama mbele yake na hamalizi. Watu wakajua ni nani.

"Kulikuwa na fundi mmoja hapa," akasema. "Mrefu. Mvua ikinyesha Elburgon, yeye analowa leo, nyinyi mnalowa kesho."

Mtu akacheka. Mmoja tu, kama kukohoa. Nyongesa akakigonga hewani kipaji chake cha uso — ta! — hasa kama Kipketer, ile namna yake ya kuomba mlango msamaha. Sijui aliipataje. Mimi nilimweleza kwa maneno tu! Watu wakacheka. Walikuwa wanacheka na machozi, na kwa muda ule mfupi halikuwa jambo baya. Ilikuwa kama karudi. Nami nilicheka. Naandika hapa: nilicheka, na kifua changu kikafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Akaendelea hapo hapo, bila kutuacha tuvute pumzi. Fundi huyu kila asubuhi anaisalimia mashini. Chamgei! Mashini kimya. Chamgei! Mashini imenuna. Wiki inapita, mwezi unapita. Basi siku moja amepitia mahali, amepiga busaa debe zima, anaingia kazini akiyumba, anasema: leo, wewe mkwe, lazima unipe mkono! Akanyoosha wake —

Na watu walicheka. Mungu wangu. Walikuwa wamekwisha anza kucheka, na kicheko kikiisha kushika mteremko hakisimami. Wale wa ukutani pia. Mmoja aliziba mdomo kwa kofia. D.O. alikuwa anatafsiriwa na mtu, akacheka baada yetu, peke yake, kwa sauti kubwa.

Mimi nilicheka hapo pia? Mdomo ulikuwa wazi. Sijui kilichotoka.

Kisha Nyongesa akashika sauti ya padre: "Ndugu zangu, mashini haina ubaya. Mashini ni mwaminifu. Njoo kwake mzima, mwenye akili yako, naye atakulisha wewe na watoto wako." Makofi. Bwana Mbao akapiga makofi kuliko wote.

Nilitoka nje kupata hewa. Laini iko chini kidogo tu ya holi. Mlango wa Chepkemei ulikuwa wazi, naye amekaa kizingitini na shuka nyeusi, uso kwetu. Kutoka pale mtu hasikii maneno. Anasikia kicheko tu.

Jumapili, 17 Julai

Sikuenda kanisani. Nilimsindikiza Nyongesa stesheni. Treni ilichelewa, tukakaa juu ya sanduku lake.

Akaniuliza tena. Palepale, bila kuzunguka: "Alikuwa amelewa?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia habari ya kinga, na lori, na harufu ya chai. Yote yalitoka mara moja. Hakunikatiza. Alikuwa anaikunja na kuikunjua tiketi yake.

"Kule Burma," akasema baadaye, "walikuwa wananiita nichekeshe vijana kabla ya kuwapeleka mbele. Nilijua wanapelekwa wapi. Hakuna aliyenificha." Akakohoa sana. "Wewe ulinipa kila kitu cha mtu yule, bwana karani. Neno moja ukalibakiza."

Nikasema Bwana angenifukuza.

"Najua. Ndiyo maana nilikuuliza mbele yake. Nilifanya vibaya. Ningekuuliza njiani." Akaniambia hivyo kwa upole, na ule upole ndio uliokuwa mbaya.

Treni ikaja. Akapanda daraja la tatu. Kabla haijaondoka mtu mmoja ndani akamtambua — "Ni Nyongesa! Baba, tupe baiskeli!" Nikamwona akisimama katikati ya mizigo, akikivuta kimo chake, uso ukibadilika kama taa inayowashwa. Gari lilipoondoka walikuwa wanacheka.

Jumatatu, 18 Julai

Wamerudi kazini. Wote. Mtu mwingine yuko kwenye msumeno mkubwa, kijana wa Kericho. Bila kinga.

Asubuhi alipowasha mashini mmoja akapiga kelele, "Chamgei!" na benchi zima likacheka.

Jumanne, 19 Julai

Taarifa: Alhamisi anakuja Bwana wa Leba, afisa wa serikali wa mambo ya kazi, kutoka Nakuru kuchunguza kifo. Kosgei amenieleza mwenyewe, akitafuna kijiti. Ikiwa marehemu alikuwa amelewa, mjane hapati fidia. Na nyumba ni ya mfanyakazi, si ya mjane. "Kwa hiyo afadhali aanze kufunga mizigo," akasema. Nikamuuliza yeye mwenyewe aliona ulevi wowote? Ni yeye aliyefunga mkono ule pamoja nami!

Akanitazama kama namuuliza habari za ng'ambo. "Karani, watu wote wanajua. Alipiga busaa. Si wewe ulikuwa holini?"

Mbaya ni hii: sidhani alikuwa ananidanganya.

Jumatano, 20 Julai

Leo kinga imerudishwa. Mchana, mashini imesimamishwa, Bwana mwenyewe amesimama pale. Bati la kinga lilikuwa limekaa stoo, likaonekana safi mno. Basi wakalipaka grisi na kulisugua unga wa mbao mpaka likafanana na kitu ambacho hakijawahi kuondoka.

Bwana aliniita. Akazungumza Kizungu kizuri, taratibu. Anafikiria kunipa nyumba ya mawe ile iliyo karibu na ofisi. Ina jiko la ndani. Akasema kesho nitaulizwa kama mtu wa kwanza kufika na mtu aliyekuwa na marehemu njiani. Hakusema niseme nini. Akaniuliza tu mke wangu anaendeleaje na baridi hii.

Nilimwambia Awuor habari ya nyumba. Akafurahi, halafu akaacha kufurahi. "Kwa nini sasa?" akauliza. Aligeuza ugali muda mrefu. "Baba Akoth, ukuta huu ni mwembamba. Mama Cherono namsikia usiku kucha. Hata tukihamia nyumba ya mawe nitamsikia."

Alhamisi, 21 Julai

Naandika stoo, nimeketi juu ya gunia la posho. Bwana wa Leba amekwenda kula nyumbani kwa Bwana Mbao. Akirudi, zamu yangu.

Asubuhi alikagua mashini. Akagusa kinga, akapangusa kidole kwa leso, akaandika. Halafu akaita watu mmoja mmoja ofisini, mimi nikatafsiri. Kijana wa kwanza: marehemu alikuwa mlevi? Ndiyo, Bwana. Ulimwona akinywa? Hapana, lakini aliingia akiyumba. Wa pili: aliingia akiyumba. Wa tatu: alipitia mahali, akapiga busaa debe zima. Maneno yale yale! Hata mpango wake. Wengine hawakuwa karibu siku ile, walikuwa msituni wakiburuta magogo, lakini ajali ile wanaiona. Wanaiona kabisa.

Kosgei akaja wa mwisho. Alieleza vizuri, mikono ikimsaidia, na alipofika kwenye kunyoosha mkono, wale wanaongoja nje ya mlango wakacheka. Hawakukusudia. Nikatafsiri. Bwana wa Leba akajizuia, akashindwa, akatabasamu kwenye karatasi yake. Sauti iliyosema yale maneno kwa Kizungu ilikuwa yangu.

Sasa hivi tu Chepkemei amekuja hapa mlangoni. Shuka nyeusi, Cherono mgongoni amelala. Nilisimama. Nilidhani amekuja kuniomba. Nilikuwa nimetayarisha maneno — kwamba mimi ni karani tu, kwamba wamesema wengi, neno la mtu mmoja litafanya nini.

Hakuomba kitu. Akaniuliza: "Baba Akoth, siku ile holini, wewe pia ulicheka?"

Ningeweza kusema hapana. Nani angebisha?

Nikasema, "Ndiyo. Nilicheka."

Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Nimewauliza wote," akasema. "Wote wanasema hapana. Wanasema hawakuwapo, walikuwa nyuma, hawakusikia. Mimi nilisikia kicheko cha watu mia, na sijampata aliyecheka."

Kisha akasema Kizungu hajui. Hatajua nitakayosema mle ndani. Lakini atakuja kusimama kwenye dirisha la ofisi, kwa sababu uso wangu anaujua.

Kengele ya mchana imelia. Gari la Bwana linashuka. Chepkemei amekwisha tangulia, namwona kutoka hapa mlangoni, anapita katikati ya watu walioketi na hakuna anayeinua macho. Kosgei anaita, "Karani! Karani, unangojwa!"

Amefika dirishani. Anapangusa kioo kwa ncha ya shuka —

Naenda.